Iachie, Usiitupe: Namna ya Kujaribu Glaida Uliyoiunda Mwenyewe

Glaida nyingi za kutengeneza nyumbani huvunjika siku ya kwanza, na mara nyingi kosa haliko kwenye uundaji. Mtu amekesha jioni mbili akikata stairofomu na kupaka gundi. Kesho yake anatoka nje saa nane mchana, upepo unavuma, anarudisha mkono nyuma na kuivurumisha juu kwa nguvu zake zote. Ndege inanyanyua pua, inapinduka, inaanguka kwa mgongo, bawa linakatika. Mtoto anaamini hajui kuunda ndege, kumbe ndege yake ilikuwa nzima na haikupewa nafasi ya kueleza inataka nini.

Makala haya yanahusu hatua hiyo inayorukwa: majaribio ya kuteleza, ambayo hufanywa kwa mkono, karibu na ardhi, kabla ndege haijapelekwa juu. Yanawafaa wazazi, walimu wa sayansi, na kijana yeyote mwenye kisu cha karatasi na subira.

Glaida ni ndege isiyo na injini. Kinachoisogeza mbele ni uzito wake wenyewe: inashuka kidogo kidogo, na katika kushuka huko hewa hupita kwenye mabawa na kuyabeba. Kwa hiyo kila glaida ina mwendo unaoifaa. Ikienda taratibu kuliko hapo, mabawa hayana hewa ya kutosha na inazama. Ikienda kasi kuliko hapo, inabebwa kupita kiasi, inapanda, inaishiwa mwendo na kuporomoka. Mkono wako una kazi moja tu, kuifikisha kwenye mwendo wake na kuiacha.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue ndege moja yenye vipimo. Mabawa yake yana urefu wa sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha na upana wa sentimita 8 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Kiwiliwili ni kijiti chepesi cha sentimita 45. Ukingo wa mbele wa bawa unakaa sentimita 12 kutoka puani. Mkia wa mlalo, sentimita 22 kwa 5, uko mwisho kabisa wa kijiti, na juu yake kuna mkia wa wima wa karibu sentimita 6 kwa 6. Ukitumia stairofomu ya milimita 3, ndege nzima pamoja na uzito wa puani itafika gramu 25 hadi 35, na mwendo wake utakuwa karibu mita 4 kwa sekunde, sawa na mtu anayekimbia.

Vitabu vya kigeni vitakuambia utafute balsa, mti mwepesi unaotoka zaidi Ekwado. Kwetu balsa ni adimu na ni ghali, na kwa kazi hii huihitaji. Stairofomu ya sahani za chakula au ya kufungashia vyombo vya umeme inatosha kwa mabawa na mkia. Kwa kiwiliwili, pasua mwanzi uliokauka, au tumia kipande cha mlingoti wa mkonge uliokauka vizuri, ambao ni mwepesi ajabu na hukatika kwa kisu cha kawaida. Mabawa yapige selotepu juu na chini, mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha, yasipinde. Jihadhari na gundi: supagluu ya kawaida na gundi ya viatu huila stairofomu. Gundi nyeupe ya mbao ni salama, ila inataka usiku mzima kukauka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Mabawa yasikae bapa kama ubao. Yakunje katikati, laza upande mmoja mezani, na inua ncha ya upande wa pili hadi sentimita 8, kisha gundisha. Ukiiangalia ndege kwa mbele utaona umbo la V lililofunguka, kila ncha ikiwa juu kwa sentimita 4 hivi. Umbo hilo ndilo linaloinyoosha ndege inapoegemea upande mmoja.

Kuna mambo mawili yanayoamua kama ndege itateleza au itaanguka, nayo ni mahali uzito unapokutana, na pembe kati ya bawa na mkia. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley aliunda glaida ndogo yenye bawa la umbo la tiara, mkia uliogeuzika pembe na uzito uliosogezwa mbele na nyuma. Zaidi ya karne mbili baadaye, mtu anayejaribu glaida uwanjani bado anashughulika na vitu hivyo hivyo viwili.

Uzito kwanza. Pima theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kwa ndege yetu ni sentimita 2.7. Weka alama ya kalamu chini ya kila bawa, karibu na kiwiliwili. Sasa ibebe ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Bila shaka mkia utazama. Bandika udongo wa mfinyanzi au plastisini puani, ongeza punje kwa punje, mpaka ndege ikae sawa juu ya vidole. Ukitumia sarafu au msumari, ufunike kwa udongo, maana pua ya chuma kwenye jicho la mtoto si mzaha. Hakikisha pia kwamba bawa la kulia na la kushoto yana uzito mmoja: shika pua na mkia, uone ni upande gani unaolala.

Kisha pembe. Chini ya ukingo wa mbele wa bawa, pale linapokaa kwenye kijiti, ingiza kibanzi cha milimita 3. Kwa bawa la sentimita 8 hiyo ni karibu nyuzi 2, na mkia unabaki umelala sambamba na kijiti. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoifanya ndege ijirekebishe: ikizidi kasi pua huinuka, ikipungukiwa na kasi pua huteremka. Mfaransa Alphonse Pénaud alilionyesha jambo hili hadharani mwezi Agosti 1871 katika bustani ya Tuileries mjini Paris, kwa kindege kilichosukumwa na mpira uliosokotwa. Kiliruka mita 40 hivi kwa sekunde 11, kimetulia, bila mtu wa kukiongoza. Glaida isiyo na tofauti hiyo ya pembe inaweza kuonekana nzuri mezani, lakini hewani haina kinachoirudisha ikiyumba.

Kabla ya kutoka nyumbani, iangalie ndege kwa nyuma, jicho moja limefumba, kama fundi anavyokagua ubao ulionyooka. Mabawa yamepanda sawa pande zote? Kuna bawa ambalo ukingo wake wa nyuma umejikunja juu au chini? Mkia wa mlalo uko sambamba na mabawa? Mkia wa wima umenyooka? Upindaji wa milimita 2 ambao mezani hauonekani kuwa kitu utaipeleka ndege ukutani. Stairofomu hunyooshwa kwa vidole, taratibu, ukiipumulia joto la mdomo. Karatasi ngumu na mbao nyembamba hunyooka kwa mvuke wa sufuria. Hapo mtu mzima awepo.

Sasa hali ya hewa, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu majaribio mengi kuliko makosa yote ya uundaji. Ndege ya gramu 30 inayokwenda mita 4 kwa sekunde haiwezi kujaribiwa kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, kwa sababu hutajua ulichokiona ni tabia ya ndege au ni tabia ya upepo. Nenda alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili, au jioni jua linapotua. Mwambaoni, asubuhi upepo wa umande kutoka bara huwa mwanana. Ukishaingia upepo wa baharini, funga kazi. Miezi ya kusi huenda ukasubiri siku kadhaa kupata asubuhi iliyotulia, nawe subiri. Funga uzi mwembamba kwenye fimbo na uuchomeke ardhini. Uzi ukining'inia tu, anza. Ukilala, rudi nyumbani.

Uwanja uwe na nyasi, hata kama ni ndefu kidogo, kwa kuwa nyasi hupokea ndege ambayo saruji ingeivunja. Mchanga wa ufukweni nao unafaa. Mabawa ya karatasi yanalegea kwenye nyasi zenye umande, hivyo kwa ndege ya namna hiyo jioni ni bora. Kaa mbali na barabara, mbali na viwanja vya ndege, na mbali na nyaya za umeme. Ikinasa kwenye waya wa umeme, usithubutu kuitoa kwa fimbo, wala usimtume mtoto. Iache.

Tufike kwenye mkono. Shika kiwiliwili chini ya bawa, karibu na alama ya uzito, kwa kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande wa pili. Usibane. Simama ukielekea upande unakotoka upepo, hata kama ni mdogo kiasi cha kuusikia shavuni tu. Inua ndege usawa wa sikio, mabawa yakiwa mlalo, na uelekeze pua kwenye nyasi mita 10 hivi mbele yako, yaani chini kidogo ya usawa. Wapya wengi huelekeza pua juu, na hapo ndege imeshashindwa kabla haijatoka mkononi. Sasa piga hatua moja na usukume mkono mbele kwenye mstari ulionyooka, kama msukumaji wa mtumbwi anavyousindikiza majini hadi ubebwe na maji. Mkono usizungushe, kiganja kisipinde mwishoni. Fungua vidole, na mkono uendelee mbele hata baada ya ndege kuondoka.

Kama hujui kasi inayotakiwa, kimbia nayo. Ishike kwa ulegevu mbele ya bega, kimbia taratibu kuelekea upepo, na ongeza mwendo kidogo kidogo. Kuna mahali utasikia uzito umepungua vidoleni, ndege inataka kubebwa. Huo ndio mwendo wake, na mkono wako ukishaukariri hutasahau. Walimu wenye darasa kubwa waanze na hili kabla ya kuruhusu mtupo wowote, kwani watoto hulielewa kwa mwili haraka kuliko kwa maelezo ya ubaoni.

Usirekebishe chochote baada ya mtupo wa kwanza. Rudia mara mbili tatu kwa mkono uleule, pembe ileile. Ndege ikifanya jambo moja kila mara, hilo ni la ndege. Ikifanya jambo tofauti kila mara, shaka mkono wako kwanza.

Namna ya kusoma unachokiona iko hivi. Glaida iliyokaa sawa huondoka mkononi kwa mstari mnyoofu, ikishuka kwa mteremko ule ule mpaka kwenye nyasi, ikatua kwa tumbo. Ikiinamisha pua na kugonga karibu, mita 4 au 5 tu, na una hakika hukuiachia taratibu mno, pua ni nzito au mkia unaiinua nyuma. Ikinyanyua pua, ikasita, ikaporomoka, ikanyanyua tena, basi ni kinyume chake. Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Ndege iliyotupwa kwa nguvu nayo hunyanyua pua, hata kama imesawazishwa vizuri kabisa. Ili kutofautisha, angalia nusu ya pili ya safari: ikipanda mara moja mwanzoni kisha ikatulia na kuteleza vizuri, mkono ulizidi. Ikiendelea kupanda na kuporomoka hadi chini, hapo kuna la kurekebisha.

Rekebisha nini, uzito au mkia? Rudi kwenye alama ya kalamu. Kama ndege haisimami sawa kwenye alama, shughulikia udongo wa puani kwanza. Kama inasimama sawa, acha udongo na uguse mkia: kunja ukingo wa nyuma wa mkia wa mlalo juu kwa milimita 1 ikiwa inainama, au chini kwa milimita 1 ikiwa inanyanyua pua. Milimita 1 kwenye mkia ni kubwa kuliko inavyoonekana. Na rekebisha jambo moja kwa mtupo mmoja. Ukibadili udongo na mkia kwa pamoja, hata ikiteleza vizuri hutajua kwa nini, na siku ikiharibika hutajua pa kurudi.

Ipo tabia ya tatu inayofaa kujulikana mapema. Mtupo mmoja ndege inapanda, wa pili inazama, na mkono ni uleule. Au inapozama inazidi kuzama badala ya kujiinua. Uzito uko nyuma mno. Usihangaike na kukunja kidogo huku na huku. Ongeza udongo puani, kisha kunja ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo kufidia.

Kunyanyua pua kupita kiasi ni kosa linalostahili heshima. Otto Lilienthal wa Ujerumani, aliyeruka zaidi ya mara 2,000 kwa glaida zake akiwa ananing'inia chini ya mabawa, aliziongoza kwa kusogeza mwili wake tu. Tarehe 9 Agosti 1896 glaida yake ilinyanyua pua, ikaishiwa mwendo na kuanguka kutoka urefu wa mita 15 hivi. Alifariki siku iliyofuata. Kwetu sisi ni kipande cha stairofomu kwenye nyasi, lakini hewa inafuata sheria zile zile, na mtoto anayejifunza kuona ndege ikisita kabla ya kuporomoka anajifunza jambo ambalo kila rubani hufundishwa.

Kuhusu kukata kona. Ndege inayokwenda kushoto kila mara, usikimbilie kukunja mkia wa wima. Iangalie tena kwa nyuma. Huenda ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto umejikunja juu, au wa kulia umejikunja chini, au bawa la kushoto ni zito. Ondoa chanzo. Mkia wa wima ukitumika kuficha bawa lililopinda, ndege itakwenda sawa kwa mtupo wa polepole, na siku ukiitupa kwa nguvu, upindaji ule utarudi na kuipindua. Mabawa yakishakuwa safi, ndipo mkia wa wima ukunjwe, milimita 1 tu. Ikianza kona na kuizidisha mpaka ikachimba ardhi kwa mzunguko, mkia wa wima ni mkubwa mno au umbo la V ni dogo. Punguza mmoja au ongeza lingine. Ikiyumbayumba ubavu kwa ubavu huku mkia ukipepea, mkia wa wima ni mdogo.

Andika. Daftari la kurasa chache linatosha: tarehe, upepo, udongo umeongezwa au umepunguzwa, mkia umekunjwa upande gani, ndege imefanya nini. Kwangu, daftari hilo ni somo kubwa kuliko ndege yenyewe, kwa kuwa ndilo linalomfundisha mtoto kutofautisha alichokiona na alichotamani kukiona.

Ikishatulia, ipime. Iachie kutoka urefu wa mita 1.5, pima hatua hadi ilipogusa nyasi. Ikifika mita 9, inakwenda mita 6 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, na kwa bawa bapa la stairofomu hayo ni matokeo ya kujivunia. Tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika hufikia karibu mita 15 kwa 1. Tunalijua hilo kutokana na kazi ya Colin Pennycuick, mwanasayansi Mwingereza aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi na baadaye kufanya utafiti Serengeti, ambako aliwafuata ndege hao angani kwa glaida yenye injini ndogo. Wapeleke watoto wakawatazame tumbusi na mwewe wanaozunguka bila kupiga mabawa. Wataona ncha za mabawa na mkia vikifanya marekebisho yale yale wanayoyafanya wao kwa vidole.

Neno kwa wasomaji wa nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Ndege ile ile itahitaji mwendo mkubwa zaidi kwa asilimia 8 hivi ili ibebwe. Mteremko wake haubadiliki sana, lakini itatua kwa kasi zaidi, na mkono uliozoea pwani utaiachia taratibu mno. Kabla ya kulaumu udongo wa puani, sukuma kidogo zaidi.

Hatua inayofuata ni urefu. Panda kwenye kichuguu au mteremko mfupi wenye nyasi, uiachie kwa mkono ule ule wa polepole. Ikiteleza vizuri kutoka mita 3, sasa ipe kona: inua ncha ya kushoto ya mkia wa mlalo kwa milimita 2 au 3, nayo itazunguka kushoto kwa duara pana. Duara lina maana kubwa, kwani ndege inayokwenda moja kwa moja itavuka mkondo wa hewa moto unaopanda na kuuacha nyuma, wakati inayozunguka hubaki ndani yake na kupanda nao.

Baada ya hapo ndipo mtupo wa nguvu unapofika. Kwa anayetumia mkono wa kulia na ndege inayozunguka kushoto, itupe juu huku imeegemea kulia nyuzi 30 hadi 45. Itapanda ikikata kulia, itapungua kasi juu, kisha itajigeuza na kuanza duara lake la kushoto. Ongeza nguvu kidogo kidogo, mtupo kwa mtupo. Mabawa yakipepea au kukunjika, stairofomu imefika mwisho wake. Ingiza kijiti cha mshikaki ndani ya bawa, kwenye theluthi ya mbele, na uanze tena kusawazisha, kwa sababu uzito umebadilika. Wanamashindano wa kimataifa wanaotumia glaida za kuongozwa kwa redio hushika ncha ya bawa na kuzunguka na mwili mzima kabla ya kuachia, na ndege zao hupaa mita 50 na zaidi. Hizo zimeimarishwa kwa nyuzi za kaboni. Ndege yetu ikishikwa ncha ya bawa namna hiyo itakatika.

Na kabla ya mtupo wa kwanza wa nguvu, andika namba ya simu ya mzazi chini ya bawa kwa kalamu isiyofutika. Saa nne asubuhi, ardhi ikishapata joto, ndege nyepesi iliyosawazishwa vizuri inaweza kuingia kwenye mkondo wa hewa moto na kuvuka uwanja, barabara na mtaa wa pili. Usimruhusu mtoto kuikimbilia akiwa ameangalia juu. Mmoja abaki akiitazama na kunyoosha kidole ilikoelekea, na mtu mzima ndiye afuate.